Kibuyu Kilichooshwa kwa Sabuni

Juzi mama alinitumia kibuyu cha mursik kutoka Keringet. Kilifika hapa Nakuru kimefungwa ndani ya gunia, katikati ya viazi, nami nikakiweka juu ya meza ya jikoni na kufungua kifuniko nione kama maziwa hayakumwagika njiani. Ile harufu ilipotoka tu, binti yangu alikuja mbio kutoka sebuleni, akaruka moja kwa moja hadi kwenye mtungi wa gesi. "Mama, kuna kitu kinaungua!" Hakukuwa na kitu kinachoungua, na gesi yenyewe ilikuwa imezimwa tangu asubuhi. Nilicheka mpaka nikakaa chini, naye akanuna, kwa sababu alidhani ameokoa nyumba.

Kwa asiyejua, mursik ni maziwa yetu ya kulala. Kibuyu husuguliwa ndani kwa kijiti cha mti wa senetwet kilichochomwa, masizi yake yakashika vizuri, ndipo maziwa yakatiwa humo na kufungwa siku kadhaa. Yakitoka yana rangi ya majivu kidogo na ladha ya moshi, na mtu wa kwetu akiyakosa muda mrefu huanza kuwa mkali bila sababu. Siku hizi mama ndiye anayetengeneza, na kijijini kwetu hakuna wa kumfikia. Ukimwona leo huwezi kuamini kwamba ndiye yule aliyewahi kuosha kibuyu cha mama mkwe wake kwa sabuni ya unga. Lakini aliosha, jamani. Nilikuwepo, nilimshikia maji, na baadaye niliamini kabisa kwamba sabuni ile ndiyo ingenikosesha mama.

Kijiji chetu kiko juu ya Keringet, mahali ambapo ukungu huamka kabla ya watu. Nguzo za stima zilikuwa hazijafika. Tulijua stima ipo, kwa sababu usiku ukisimama penye mteremko uliona taa za mbali sana chini huko, lakini hizo zilikuwa taa za watu wengine. Kwetu tulikuwa na koroboi moja ya mafuta taa iliyohama na mtu, ikienda chumbani giza linabaki mezani. Betri za redio zikichoka tulizianika juani juu ya bati, zikapata nguvu ya taarifa ya habari na nusu ya wimbo mmoja. Kazi nyingine zote za nyumba zilifanywa na moto wa jikoni.

Jiko lilikuwa chumba cha udongo, kando ya nyumba, na katikati yake mawe matatu. Moto huo ulipika ugali, ulichemsha maji, ulitupasha joto na kukausha sweta zetu za shule wakati wa masika. Juu yake palikuwa na dari ya fito, na hapo Kogo, yaani nyanya yangu mzaa baba, alipanga mahindi ya mbegu na magunzi yake yakae kwenye moshi mpaka msimu wa kupanda, bumbunya, yule mdudu wa nafaka, asiyaguse. Kila kitu chetu kilinuka moshi, na kwa vile darasa zima lilinuka hivyo hivyo, hakuna aliyejua. Nilijua siku nilipoenda Nakuru, binamu zangu wakaniambia nanuka kama omena iliyokaushwa. Niliwapiga, lakini usiku nilinusa sweta yangu, nikaona wana haki.

Mama alitoka huko Nakuru. Alizaliwa kwenye nyumba za reli, kwa watu waliokuja zamani kutoka magharibi kufanya kazi ya treni, akakua anapikia jiko la makaa na stovu ya mafuta. Nyanya wa Nakuru, mamake, alikuwa na stima ukutani. Nilipoenda kwake nilibonyeza swichi, taa ikawaka, nikabonyeza, ikazima, nikabonyeza tena mpaka nyanya akapiga kelele kutoka uani, "Nani huyo anataka kunimalizia stima?" Nilirudi Keringet na swali moja kichwani: mtu mwenye taa ukutani anaachaje kwao, aje kupuliza kuni mbichi kwenye baridi? Nilikuwa sijajua mambo ya mapenzi.

Kwa kuwa baba ni Mkipsigis na mama ni Mluhya, nyumbani tuliongea Kiswahili. Kogo alijifunzia chake sokoni, akiuza viazi, na hakuwa na haja ya kubembeleza ngeli. Alikuwa mwanamke mfupi, mgumu, mwenye kope chache na macho mekundu, na sifa yake kubwa kijiji kizima ilikuwa kwamba uongo hauwezi kupita mbele yake. Hata mazishini. Mchungaji alisimama siku moja mbele ya jeneza akasema marehemu alikuwa mkarimu, na Kogo kutoka benchi ya pili akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Hapana, hiyo ni mtu mwingine." Watu waliinamisha vichwa wakidai wanalia.

Sasa, jambo nililoliona mimi kila jioni ni hili. Mama na Kogo waliingia jikoni, mlango ukafungwa kwa sababu ya baridi, na baada ya muda mama alitoka akilia. Si kulia kwa sauti. Alitoka akijifuta macho kwa pembe ya leso, akasimama kando ya ukuta akiangalia chini, akavuta kamasi, kisha akarudi ndani. Nikimuuliza, "Mama, ni nini?" alisema, "Hakuna kitu." Na mtoto akiambiwa hakuna kitu, anajua kipo.

Mimi niliweka mbili na mbili pamoja. Ndani ya jiko walikuwa watu wawili, mmoja anatoka analia, mwingine hatoki. Basi ni nani anayemliza mwenzake? Na nilikuwa na ushahidi mwingine. Mama wa rafiki yangu Chebet, majirani zetu wa ng'ambo ya mto, alionekana siku moja akilia mlangoni mwa jiko, na wiki hiyo hiyo akapanda lori la viazi akaenda zake. Hakurudi. Chebet akawa anakuja shule na nywele hazijachanwa. Mwalimu alitufundisha kwamba dalili ya mvua ni mawingu, na mimi mawingu nilikuwa nayaona kila jioni, yanatoka jikoni kwetu na leso machoni.

Kogo mwenyewe hakunisaidia. Wakati huo kulikuwa na kikundi cha akina mama kilichokuwa kinapita nyumba kwa nyumba kikijenga majiko ya udongo yenye chimni. Fundi wao, mama mmoja mnene mwenye kicheko, alikuja kwetu akaeleza: unafinyanga udongo na kinyesi cha ng'ombe na nyasi, unaacha mdomo mmoja wa kuni, moshi wote unapanda kwa chimni, unaenda nje. Mama alisikiliza kwa hamu, nilimwona. Kogo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na hiyo moshi ikienda nje, nani atachunga mbegu yangu?" Fundi akasema mbegu kuna dawa ya dukani. "Na kibuyu?" Fundi akacheka. Kogo hakucheka. "Moshi yangu haiendi popote," akasema, na fundi akamaliza chai yake akaaga. Mimi nilimtazama Kogo nikawaza, huyu mwanamke ana roho mbaya.

Kisha Kogo akaenda Ndabibi, shangazi yangu alikuwa amejifungua. Alikaa huko siku nyingi kidogo. Na mama, siku ya kwanza tu, alifunga kitambaa kichwani, akasimama katikati ya jiko mikono kiunoni. "Cherono," akaniambia, "Kogo akirudi hatajua kama hii ni jikoni yake." Maskini mama. Hilo ndilo neno la kweli kuliko yote aliyosema mwaka ule.

Alikwangua masizi ukutani. Alifagia utando wote. Alipanda kigoda akateremsha yale mahindi meusi kutoka darini, moja moja, akiyapangusa kwa kitambaa, akayatia kwenye gunia jipya na kuyaweka stoo, mahali safi. Akaimba. Sikuwa nimemsikia akiimba hivyo, nyimbo za kwao zenye makofi. Mwishowe akachukua kile kibuyu kikubwa cha Kogo, chenye mkanda wa ngozi na shanga, akachungulia ndani akaona weusi mtupu. "Ai, tumekuwa tukinywea humu?" akasema. Nikamshikia maji ya moto, akatia sabuni ya unga, akatia na changarawe, akakisukasuka mpaka povu jeusi likatoka, halafu la kijivu, halafu jeupe. Alikinusa akafurahi. Kilinuka shati la Jumapili.

Kogo alirudi jioni, mvua ikinyesha. Alivua buti mlangoni, akaingia jikoni, na kabla hajakaa akainua uso, akaangalia dari. Mama alikuwa ameshamtilia maziwa kutoka kwenye kibuyu, akamkaribisha kwa mikono miwili. Kogo akaonja. Akayazungusha mdomoni. Akaweka kikombe chini polepole.

"Mama Cherono."

"Naam, mama."

"Hii maziwa imeoga."

Mimi nilicheka, na nikajuta hapo hapo, kwa sababu niliona uso wa mama. "Na mbegu yangu iko wapi?" Kogo akauliza. Mama akasema iko stoo, kwenye gunia safi. Kogo akaniambia bila kunitazama, "Wewe, enda kwa nyumba, ulale."

Sikwenda. Nilisimama chini ya ukingo wa bati, mvua ikinidondokea mabegani, nikasikia sauti ya Kogo imepanda, maneno ya Kikipsigis yanapishana na ya Kiswahili: mbegu, bumbunya, sabuni, mama yangu alinipatia hiyo kibuyu. Kisha, ghafla, ikakatika. Halafu nikasikia mama analia, safari hii kwa sauti, na Kogo anaongea chini chini, sikuweza kushika hata neno moja. Nilikimbilia kitandani na miguu yangu ya matope.

Asubuhi mama alikuwa na begi. Begi lile lile alilokuja nalo alipoolewa, nililijua kwa zipu yake mbovu. Alinikumbatia, akasema, "Kaa vizuri na Kogo, usimsumbue," akapanda lori la viazi mbele, kando ya dereva. Lori la viazi! Sikuuliza anarudi lini. Niliogopa kwamba nikiuliza nitajibiwa. Nilisimama barabarani mpaka ule mlio ukamezwa na kona, kisha nikarudi nyumbani, na kitu cha kwanza nilichokiona ni Kogo amekaa mbele ya jiko akikwangua kibuyu chake.

Basi nikamnyamazia. Mtu akitaka kujua ubishi wangu ulianza wapi, ulianzia hapo. Kogo akinipa chakula, nakula nikiangalia ukuta. Akinituma, naenda, narudi, naweka chini, sisemi. Nywele nilikataa kuchanwa, ili niwe kama Chebet na watu wajue. Kogo akawaambia majirani, "Huyu mtoto ameziba," kama mtu anayezungumzia bomba. Lakini nilimwona usiku akinifunika blanketi lake juu ya langu, na jambo hilo lilinikasirisha zaidi.

Siku moja jioni aliniambia, "Cherono, unakula ama haukuli?" nami nikashindwa kujizuia. Yalitoka yote. "Wewe ndiye ulimfukuza mama! Kila siku unamliza huko jikoni, kila siku, mimi naona! Sasa ameenda kwao kwa stima na hatarudi, na mimi nitakuwa kama Chebet!" Nililia mpaka nikapata kwikwi. Mtoto wa kwetu hasemi hivyo kwa nyanya yake, na nilingoja kofi.

Kogo akanishika mkono, si kwa nguvu, akaniingiza jikoni akafunga mlango. Moto ulikuwa umelala. Akachukua kuni za saipresi, mbichi, zilizonyeshewa tangu jana, akazisukuma kati ya mawe. "Kuni hii ndiyo mama yako anapikia mwezi mzima ya mvua," akasema. "Haya. Puliza."

Nikainama nikapuliza. Moshi ulitoka mzito, wa manjano, ukanijaa usoni, ukaingia puani na kooni. Nikafumba macho, nikapuliza tena kwa sababu nilikuwa na hasira, na nilipofumbua sikuona kitu, machozi yananitiririka mpaka kidevuni. Nikakimbilia mlangoni nikijifuta kwa pindo la gauni. Nikasimama kando ya ukuta, nikiangalia chini, nikavuta kamasi.

Kogo alikuja nyuma yangu. "Unalia nini?" akaniuliza. "Nani amekukosea?"

Nilisimama pale nikiwa nimeshika pindo la gauni machoni, na nikajiona. Nilikuwa nimesimama mahali pale pale anaposimama mama. Wacha nikuambie, nilihisi kitu kizito kimetoka kifuani, na wakati huo huo nikaona aibu, na kwikwi bado inanikamata. Kogo akaketi kwenye kizingiti, akanivuta nikakaa kando yake. Kwa karibu niliona macho yake, ule wekundu ambao nilidhani ni wa ukali. "Na wewe, Kogo," nikamuuliza, "nani alikuliza wewe?" Akafikiri. Hakuwa mtu wa kujibu ovyo. "Hiyo hiyo," akasema. "Tangu niolewe."

Ndipo akaniambia kilichotokea usiku ule wa mvua. Alikuwa amekasirika kweli, hakuficha. Alichukua koroboi akaileta karibu na uso wa mama, na kwa mkono mwingine akamnyooshea kibuyu, amwonyeshe alichokiharibu. Na mama akanyoosha mkono kukipokea, akashika hewa. Kogo akasogeza kibuyu, mama akashika hewa tena. Macho yalikuwa yamevimba, yametoka usaha pembeni, na alikuwa akiona taa kama imefungwa kwenye pamba, tangu wiki nyingi, hajamwambia mtu, kwa sababu aliogopa kusemwa kwamba msichana wa mjini hawezi moto. "Nikaacha mambo ya kibuyu," Kogo akasema. "Nikamwambia kesho aende hospitali ya macho. Kibuyu inaweza kungoja."

Usiku huo nilichanwa nywele. Ziliuma sana, na Kogo hakunihurumia.

Lakini msifikiri hofu yangu iliishia hapo. Jumamosi baba alikuja. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao upande wa Elburgon na alikuwa amepitia Nakuru kumwona mama. Alikaa mezani, akazungusha kofia yake. Daktari amempa dawa, akasema, macho yanaendelea vizuri, lakini amesema asikae tena kwenye moshi. Akirudia, safari ijayo huenda yasipone. "Mamake anaona ni heri akae huko mjini kwanza. Kuna stima."

"Mpaka lini?" Kogo akauliza.

Baba akainua mabega. Na mimi nilijua mabega hayo maana yake nini. Basi lori la viazi lilikuwa kweli kama lile la mama wa Chebet. Sasa hakukuwa na mtu mbaya wa kumkasirikia, palikuwa na moshi tu, na moshi haufukuzwi kwa maneno. Niliangalia chai yangu.

"Uende kwa yule mama ya majiko," Kogo akasema hatimaye. "Umwambie aje."

Baba aliinua uso. "Si ulimwambia moshi yako haiendi popote?"

"Nilisema. Sasa nasema ingine." Akainuka kutoa vikombe. "Hiyo yangu nitakaa nayo mwenyewe."

Mambo yalifanyika haraka baada ya hapo, au labda ni furaha inayonifanya niyakumbuke hivyo. Tulihamisha yale mawe matatu, mimi na Kogo, tukiyasukuma kwa mikono na kupumzika kila hatua chache, mpaka kwenye kijumba chake nyuma ya zizi, ambacho yeye alikitumia kulala tu. Yalikuwa na weusi wa miaka yote ya ndoa yake. Akayapanga upya, akayagonga kwa kiganja, akatundika dari ndogo ya fito juu yake, na mbegu zikarudi kwenye moshi. Bumbunya walikuwa wamekwisha kuingia kwenye hindi moja moja. Kogo aliyatupia kuku. Kibuyu nacho alikichoma kwa senetwet, akakisugua, akakitia maziwa, akayamwaga, akakichoma tena, mpaka siku moja akaonja akaguna. Akanipa nami nionje. Sabuni ilikuwa imeondoka. Ndicho hiki kilicho juu ya meza yangu sasa hivi, na mkanda wake umebadilishwa lakini shanga ni zile zile. Ni katika kijumba hicho ndipo alipomfundisha mama, baadaye, namna ya kukichoma, mlango ukiwa wazi na mama amekaa upande wa upepo.

Jikoni, fundi na akina mama wenzake walikanyaga udongo na kinyesi na nyasi wakiimba, na mimi nikakanyaga nao mpaka magotini. Wakafinyanga jiko la vyungu viwili, wakatoboa ukuta, wakapitisha chimni ya mabati ya madebe ya mafuta yaliyokunjwa. Likaachwa likauke. Tulipikia nje siku hizo, chini ya mwavuli mvua ikija, na Kogo alikuwa akilipapasa jiko kila asubuhi kama anayepima homa ya mtoto. Lilipokauka akapaka kuta zote udongo mweupe. Mama angekuwepo angeona jikoni safi kuliko ile aliyoiosha.

Mama alikuja alasiri moja na pikapu ya maziwa, baba akiwa nyuma na begi. Nilimrukia kabla hajashuka vizuri. Macho yake yalikuwa meupe, nilikuwa nimesahau kwamba yaliwahi kuwa meupe. Alikuwa hajaambiwa kitu. Baba alimwambia tu kwamba Kogo anataka aje ajaribu siku mbili, na ikishindikana atarudi mjini, na nilipoona jinsi begi lilivyokuwa dogo nilijua ni begi la siku mbili kweli.

Kogo alikuwa amewasha moto tayari. Na alikuwa amewasha kwa saipresi mbichi, ile ile mbaya kuliko zote. Nilimlaumu, nikamwambia tuna kuni kavu za blugamu nyuma ya nyumba, kwa nini asitumie hizo siku ya leo? Alinijibu kwamba ukijaribu jiko kwa kuni nzuri umejidanganya mwenyewe.

Mama alifika mlangoni mwa jiko akafanya alichozoea, akainua pembe ya leso machoni kabla ya kuingia. Akaingia hivyo, amejifunika nusu uso. Akasimama. Sufuria ilikuwa inachemka. Kuta zilikuwa nyeupe, na mtu aliweza kuona kutoka upande huu wa chumba mpaka ule, hata vikombe kwenye rafu. Akateremsha leso pole pole.

"Mawe yako wapi?" akauliza.

"Iko kwangu," Kogo akasema. "Na mbegu. Na kibuyu." Alikuwa amekaa kwenye kigoda na hakumtazama, alitazama moto. "Hii jikoni sasa ni yako. Usioshe na sabuni."

Mama alicheka. Kisha mdomo wake ukaanza kutetemeka, akageuka upande wa ukuta, na nikaona anajifuta macho kwa pembe ya leso, anavuta kamasi, vile vile kama zamani. Jamani, baada ya udongo wote ule?

"Mama! Unalia?"

"Hapana," akasema. "Ni moshi."

Niliangalia juu, niliangalia pembe zote nne. Nilitoka nje mbio nikaangalia chimni, na moshi wote wa ile saipresi ulikuwa huko, mnene, wa manjano, unapanda zake juu ya bati. Ndani haukubaki hata wa dawa. Nikarudi nikasimama mbele ya Kogo, nikamngoja amsahihishe, maana Kogo aliwasahihisha hata wachungaji.

Kogo akachukua ukuni mmoja, akausukuma ndani, akapangusa mikono kwenye sketi.

"Ni moshi," akaniambia. "Hii saipresi iko na moshi mbaya sana."